Ukurasa wa Tatu

Kwa Dada mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote, niambie goti linaendeleaje, na kama shemeji ameacha kukutania kwa ule mkongojo. Sisi huku wazima. Mama amepona kikohozi na amerudia kazi yake ya kutugombeza, kwa hiyo jua nyumba iko salama.

Mwezi uliopita nilipeleka madawati thelathini kwenye shule yetu ya zamani. Niliyapiga randa mwenyewe, hata kwa chini, ambako hakuna kitakachopagusa ila magoti ya watoto. Mwalimu mkuu akapitisha kiganja juu ya moja, akanitazama, akauliza, "Wewe si mdogo wake Kinanda?" Miaka ishirini na miwili imepita, Dada, bado wanakuita Kinanda kwa ajili ya sauti yako, na bado moyo uliniwaka vilevile. Akanipa barua yako ya mwaliko: shule inatimiza miaka hamsini na wanataka wewe ndiye uzungumze. Nilikaa nayo siku nne kwenye droo ya misumari. Ndipo nikakupigia simu, nawe ukakataa katakata, ukasema ulimi wako ulikufa siku ya mahafali.

Nilikuonea wivu, tena si wivu wa kitoto. Nilikuwa darasa moja nyuma yako. Ukiingia bwaloni watu walisogeana wakupishe. Nikiingia mimi, waliniuliza uko wapi. Mahali pekee nilipojiona mtu ni karakana ya nyuma ya jiko, kwa yule fundi kiziwi aliyetengeneza viti vya shule. Alinifundisha kushika patasi. Hakuwahi kuisikia sauti yako, Mungu anisamehe, na ndiyo maana nilimpenda.

Siku ya mahafali ulisimama mbele ya wazazi wote na hotuba ya kurasa nne. Ukamaliza wa pili, ukafunua, ukanyamaza. Ukapekua, ukapekua tena. Mmoja akacheka, kisha ukumbi mzima, nawe ukashuka. Baba akasema labda ukurasa umeusahau mezani.

Hukuusahau. Kikulacho ki nguoni mwako, Dada. Niliuchomoa mimi asubuhi ile ulipokuwa unaoga, nikautia motoni. Nilitaka ukwame kidogo tu, uonje ninavyoishi mimi. Tuliporudi nyumbani ukalia, nikakushika mkono, ukanishukuru. Shukrani ile inanitafuna mpaka leo kuliko kosa lenyewe.

Msamaha sitauomba kwa karatasi. Nitakuja Jumapili, uniambie usoni lolote utakalo. Ninachokuomba hapa ni uende ukazungumze, maana hukukosea neno hata moja siku ile. Nitakuwepo, nimekaa nyuma kabisa. Wakikushangilia najua itaniuma. Nitapiga makofi hivyo hivyo.

Nisalimie shemeji, na wanangu hapo kwako uwabusu kila mmoja kwa niaba yangu. Mama anasema ule vizuri.

Ni mimi, tuliyelala naye tumbo moja,
Mdogo wako