Salma, Majibu ya Igalula Yanafika Tena

Salma, shoga yangu,

Sitaanza kwa kukuambia upumzike. Tangu wakuzike kila mtu anakuombea upumzike, nami naitikia amina pamoja nao, lakini moyoni nasema: huyu? Huyu aliyekuwa akiamka wodini na dripu mkononi akauliza kwanza kama seva iko hewani? Basi nakuandikia habari za kazi. Ndizo ungeniuliza.

Wiki ile ya msiba webhook yetu ilikufa.

Nilikuwa jikoni kwenu na akina mama, tunachambua mchele, simu ikaita. Nesi Kabula wa zahanati kule Igalula. Alinipa pole, kisha akasema, "Dada Nyamizi, naona aibu kuuliza wakati huu. Majibu ya watoto hayaji. Ni huku kwangu tu?" Nikamwambia nitaangalia. Sikuangalia siku ile, Salma. Nilirudi kwenye mchele nikalia.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipokwenda kumweleza Kabula? Tulishuka kwenye treni una mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mkononi, unatafuna kama mtoto wa Kinyamwezi hasa, wewe ambaye babu zako walikuja na misafara kutoka pwani wakafungua duka. Kabula alikuwa na tabia ya kupiga simu maabara ya mjini kila asubuhi: majibu ya wale vichanga niliowatoboa kisigino yametoka? Bado. Kesho tena: bado. Siku yalipotoka, hakupata mtu wa kupokea simu. Ukamwambia, "Usipige tena. Tumewapa maabara anwani yetu kwenye mtandao. Majibu yakitoka tu, mfumo wao wenyewe unatuletea taarifa, na wetu unakutumia wewe meseji dakika ile ile." Akauliza kitu hicho kinaitwaje. "Webhook," ukasema. Kabula akacheka, akasema hata Kisukuma hakina neno gumu hivyo.

Na ulimwambia kwa nini. Kwamba mtoto mwenye selimundu, yaani sikoseli, akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini kabla homa haijampata, na kwamba wewe hukujulikana mapema. Hukulia uliposema hivyo. Ulikuwa umekasirika. Nilikupenda kwa hasira hiyo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nilipofungua kompyuta, nikakuta cheti cha usalama cha anwani yetu kimekwisha muda. Mfumo wa maabara ulikuja na majibu, ukakuta cheti hakiaminiki, ukageuka. Ukajaribu tena, na tena, kila mara ukingoja zaidi, mwisho ukachoka na kutufuta kabisa kwenye orodha ya wanaopelekewa. Hakuna aliyekosea. Wewe ulikuwa unahuisha kile cheti kwa mkono wako, na mkono wako ulikuwa umepumzishwa.

Akaunti yote ilikuwa kwa jina lako. Kuingia kunahitaji namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako, na simu yako ilikuwa imezimwa, imefungiwa kabatini.

Nikaenda kwa mkuu wa maabara kumweleza. Akanisikiliza kwa upole, nao upole ule ndio uliniudhi. Akasema, "Nyamizi, ule ulikuwa mfumo wa marehemu. Mwacheni apumzike nao. Wauguzi watapiga simu kama zamani." Kama zamani! Nilitoka pale bila kuaga. Salma, wamekuzika wewe, sawa, hilo sikuwa na uwezo nalo. Lakini kuzika na kazi yako juu yako, nani amewapa ruhusa?

Nikamfuata kaka yako Nassor dukani. Alikuwa anakunja vitenge, macho mekundu. Nilipotaja simu akaacha kukunja. "Mama hataki iwashwe. Sauti zake zimo mle, picha zake zimo. Leo hata arobaini haijafika, nawe unakuja na mambo ya mashine? Huoni aibu?"

Nilimwambia sioni. Nilimwambia aibu ni mtoto kuumwa homa wakati majibu yake yapo mjini yamekaa. Alinigeuzia mgongo. Basi nikapita uchochoroni, nikaingia kwa mama yako mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi. Sikuzunguka. Nilimweleza kama ulivyomweleza Kabula, na kwamba njia ya kufungua ni simu yako. Akavuta punje kadhaa za tasbihi, nikadhani nimeharibu. Nassor naye akawa ameingia, amesimama mlangoni, tayari kunitoa.

Mama yako akasema, "Mimi niliambiwa mwanangu ana nini akiwa darasa la tatu. La tatu, Nyamizi. Kabla ya hapo watu waliniambia amerogwa, wengine wakaniambia hafiki mbali, nisihangaike na ada." Akamgeukia kaka yako. "Nassor, lete simu."

Aliiwasha mwenyewe. Meseji zikamiminika, pole za watu waliokuwa hawajui, mlio juu ya mlio, naye ameishika kifuani mpaka ikanyamaza. Kisha akavaa miwani na kunisomea ile namba, tarakimu moja moja. Kwenye tarakimu ya mwisho sauti ilimkatika. Akakohoa, akairudia sawasawa, maana aliogopa nisije nikakosea.

Cheti kikapona. Lakini majibu ya siku zile yalikuwa yamepita, na mkuu wa maabara akasema yaliyopita yamepita, wenye shida waje kuuliza. Nikakaa kwenye benchi la korido yake. Akaenda chai, nipo. Akaenda kuswali, nipo. Watu wa kupima malaria wakapanga foleni pembeni yangu wakaisha wote. Jioni akatoka, akaniona, akasema, "Wewe ni msumbufu kuliko yule mwenzako." Nikamwambia asante. Akarudi ndani, akatuandikisha upya na kuyatuma yote tena.

Yalikuja kwa vurugu, mengine mara mbili, mengine mara tatu. Na hapo ndipo nilipokushukuru kwa ubishi wako wote. Unakumbuka nilivyokuambia unapoteza muda? Ulisema kila taarifa ina namba yake, ikishaonekana mara moja ya pili itupwe, na isiyokuwa na saini ya maabara isiguswe kabisa. "Tujibu kwanza kwamba tumepokea, ndipo tufanye kazi. Mgeni hasimamishwi mlangoni." Hakuna mama hata mmoja aliyepigiwa simu na muuguzi mara mbili.

Katika yale majibu alikuwemo binti mmoja wa Igalula. Ana selimundu. Kabula alipokwenda nyumbani kwao akaambiwa mama yake amehamia shambani kwa ajili ya kulima, akakodi bodaboda akamfuata huko porini. Ameshaanza vidonge. Hakuwa amepata homa. Hakuwa amepata, Salma.

Nimebadilisha mengi, na utanisamehe ama usinisamehe. Akaunti haiko tena kwenye simu ya mtu mmoja. Cheti kinajihuisha chenyewe. Ule ufunguo wa siri wa zamani, wa kuhakiki saini ya maabara, nimeuzima, tumepeana mwingine na maabara. Na siku ikipita bila taarifa hata moja kuingia, simu yangu inalia, ya Nassor inalia pia. Ndiyo, Nassor. Alikuja mwenyewe kuomba nimfundishe. Juzi ililia akiwa anampimia mteja kitambaa, akamwacha mteja amesimama na kukimbilia chumba cha nyuma. Umeme tu ulikuwa umekatika kule maabara. Akanipigia anahema, "Iko salama," kana kwamba anatoa habari za mgonjwa.

Watu bado wananiambia nikubali, kazi ya Mungu haina makosa. Sibishani nao tena. Nimekubali kwamba huji. Sijakubali kingine chochote. Uliumwa miaka yote, ulilazwa, uliongezewa damu, ukapita umri wote waliokupangia, na kila mmoja wao ulimwonyesha cheti chako cha chuo. Mimi nitashindwa na mkuu wa maabara?

Mama yako aliniuliza Ijumaa, wakati ananimiminia kahawa: "Na Nzega je? Wao watoto wao hawaumwi?" Nimepiga simu maabara ya Nzega. Wamesema mfumo wao haupeleki taarifa kwa watu wa nje, na kwamba nisijisumbue kwenda.

Jumatatu nakwenda. Nakuahidi sitatoka pale bila anwani yetu kuandikwa.

Kwaheri, Salma wangu. Kama ni lazima upumzike, pumzika. Mimi bado.

Nyamizi