Léopold Ameanza Kuonja Chakula Mbele Yangu

Mama Providence mpendwa, nisaidie maana mimi nimeshindwa, na nikimweleza mke wangu analia tu.

Nina miaka hamsini na minne, nimezaliwa kule juu kwenye milima ya ng'ombe, asubuhi maziwa na jioni maziwa, mpaka tulipoteremka Uvira nikiwa kijana tukapanga mtaa wa Rugenge, ambako sikujua mtu wala sikujua kula samaki, na aliyenifundisha ni jirani yangu Léopold, mvuvi, mzaliwa wa hapa ziwani, aliyenicheka hadi machozi aliponiona natoa ndagala, wale dagaa wa ziwani, vichwa kimoja kimoja. Tangu hapo, miaka ishirini na sita, kila Jumapili tukitoka kusali naenda kwake, mke wake Georgette anatuletea ugali wa muhogo na ndagala katika sahani moja, tunanawa, tunakula, tunabishana, na nikikumbuka zile Jumapili, harufu ya mawese, Léopold akinisukumia samaki wakubwa na kujidai ameshiba, naumia kuliko ninavyoumia na ugonjwa wenyewe.

Kiungulia ninacho miaka mingi, nikilala uchungu unapanda mpaka kooni, lakini tangu kabla ya Pasaka ugali unakwama katikati ya kifua, nausukuma kwa maji, siku nyingine unarudi, na suruali zangu zote zimenilegea. Ndugu zangu walisema ni karuho, ile sumu ya polepole, wakanipeleka kwa mganga huko Sange, akaninywesha dawa nikatapika beseni zima, akachokoa matapishi kwa kijiti, akanionyesha kipande cha nyama na kusema nimelishwa na rafiki ninayekula kwake. Nami niliamini, kwa sababu nikinywa maziwa napata nafuu, na kwetu maziwa ndiyo yanayoondoa sumu.

Nikaanza kukwepa Jumapili, mara nina wageni, mara nimeshakula, na wewe unajua kwamba hapa kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumwita mrozi, mtu anayelisha wenzake sumu. Majuma matatu yaliyopita Léopold alikuja mwenyewe kunichukua. Georgette alipoweka sahani, Léopold alikata tonge, akachovya, akala peke yake huku ananitazama, kisha akasema, "Minye nishaonja. Sasa weye kula, usiogope."

Huku mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni anayeogopa sumu, na miaka yote hiyo Léopold hajawahi kunionjea. Nilimeza tonge moja likakwama, nikakimbilia nje kutapika, na Georgette akalia akidhani nimekitema chakula chake kwa makusudi. Sijarudi tena. Mama, rafiki yangu namkosa sana na bado namwogopa. Nimrudie au nimwache?

Rwabuhihi, Rugenge

Baba Rwabuhihi, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikakuonea huruma, mara ya pili nikakasirika.

Mlikula sahani moja. Mkono wake na wako katika mboga ileile, halafu sumu ikachagua koo lako peke yako? Kile kipande cha nyama ama mganga alikuja nacho, ama ni chakula chako mwenyewe kilichokwama na kukaa. Na maziwa yanapita kwa sababu ni majimaji, ugali haupiti kwa sababu njia imekuwa nyembamba. Ni hivyo tu. Kiungulia cha miaka mingi kinaweza kuunguza njia ya chakula mpaka ikafanya kovu na kubana. Inaweza pia kuwa uvimbe, hata saratani, sitakudanganya. Mtu wa umri wako anayekwamwa na chakula na kukonda hangoji.

Marehemu baba yangu, kule Lubarika, alikwamwa hivyohivyo. Tulimzungusha kwa waganga miaka miwili. Alipenda sana wali mpya wa mavuno, na mwishoni alikuwa anaomba tumsogezee sufuria apate tu mvuke wake. Hospitali tulimfikisha wakati daktari hana tena la kufanya. Mpaka leo mavuno yakifika namkumbuka, na najilaumu.

Kwa hiyo acha dawa za kutapisha, zitakupasua. Kula uji na vitu laini, kidogo kidogo, ukiwa umekaa, na usilale mara baada ya kula. Juma hili hili nenda hospitali, mweleze daktari kila kitu, hata ya Sange, umwombe kipimo cha kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni kuangalia koo na tumbo. Wasipokuwa nacho, watakuandikia barua ya kwenda Bukavu. Nenda.

Lakini kabla ya hapo, leo, nenda kwa Léopold. Usimtume mchungaji, usimtume mkeo. Mwambie yeye na Georgette kwa mdomo wako ulichoambiwa, na kwamba uliamini. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, ana haki yake.

Akimaliza, mwambie unaumwa na unaogopa. Hospitali zetu unazijua, mgonjwa haingii peke yake, lazima awe na mtu wa kumpikia na kumlisha. Wakikuuliza mtu wako ni nani, taja Léopold.