Upepo wa Baiskeli ya Karafuu

Mabawa, Tanga

Kwako Baba Salma,

Assalaam alaykum. Kwanza nauliza kikohozi, maana kwenye simu uliniambia kimepoa na huku nakusikia unakohoa. Kunywa tangawizi, usingoje mimi nije Pemba nikuchemshie. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ameota jino la pili na pa kwanza kulijaribia ni begani kwangu.

Barua hii nampa mdogo wako Khamis, anavuka kuja huko. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, nikitaja gari la Salma tu wewe ushasema liuzwe mtoto arudi nyumbani. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Hati yangu unaijua, soma polepole.

Ni kweli gari liliteleza njia ya Maramba, Jumatano ile ya mvua, Salma akipeleka marobota yake ya nguo mnadani. Lilizunguka likasimama linaangalia lilikotoka, gurudumu moja mtaroni. Hakuumia hata ukucha, alhamdulillahi. Lakini hukuambiwa kwa nini liliteleza, na aliyenyamaza ni mimi.

Unakumbuka ulivyoniagiza, gari la mzigo lijazwe upepo kama baiskeli yako msimu wa karafuu? Ubonyeze kwa gumba, gumba likirudi ndipo uweke gunia. Mimi baiskeli hiyo nimekushikia miaka mingapi, ugumu wake naujua. Basi jioni ya kuamkia mnada nikaenda na Salma kwa fundi wa pancha hapa jirani, nikayabonyeza matairi yote manne, nikayaona yanabonyea, nikamwambia fundi aongeze. Akauliza kiasi gani, nikasema mpaka yawe jiwe. Akaangalia namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, arobaini na nne, akajaza hiyo hiyo. Salma alisema Mama, mbona nyingi, nikamwambia babako kabeba karafuu wewe hujazaliwa.

Kwa hiyo kosa si la gari, Baba Salma, wala si la mtoto. Ni la gumba langu na maneno yako.

Tumelijua hilo kule Nguvumali, kwa fundi mwingine, Mzee Hoza, Mbondei mtu mzima. Alilipiga tairi teke, akalipima, akauliza nani kajaza hivi. Nikasema mimi.

"Bibi," akasema, "ulitaka liende barabarani au lichezewe mpira?"

Niliona haya mpaka nikacheka. Akatueleza kuwa namba ya ubavuni ni mwisho wa tairi kustahimili, si kipimo cha gari. Tairi likijaa kupita kiasi hukanyaga kwa katikati tu, kama mtu anayetembea kwa visigino, sasa kwenye tope litashika nini? Kipimo cha gari kiko kwenye gari lenyewe. Akafungua mlango wa dereva, akatuonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo, pale mlango unapofungia. Maandishi yote ya Kijapani. Salma na masomo yake na mimi wa darasa la tatu, siku hiyo tulikuwa sawasawa. Lakini namba ni namba, na mia mbili na ishirini nimeisoma mimi mwanzo kabla yake. Kwenye kipimo cha fundi, chenye safu mbili za namba, mia mbili na ishirini inakaa mkabala na thelathini na mbili. Ndiyo hiyo, mbele na nyuma, akayapunguza mpaka hapo. Nikamuuliza, na mzigo je? Akasema gari dogo hili mzigo ukizidi unapunguza mzigo, huongezi upepo.

Nikarudi na furaha, na nikakosea tena. Kesho yake Salma katoka mjini adhuhuri, jua la kuchoma, nikaazima kipimo kwa fundi wa pancha, nikapima nikakuta thelathini na tano. Nikaona yamezidi, nikapunguza mwenyewe. Asubuhi yamelegea, ishirini na tisa! Tukarudi kwa Mzee Hoza, akasema tairi likitembea hupata joto na upepo wake huvimba, lipimwe asubuhi kabla halijakwenda popote. "Hata wewe hospitali hawakupimi presha umetoka kukimbia." Hilo nililielewa mara moja, presha naijua.

Sasa Salma kaninunulia kipimo changu kidogo, nakiweka pamoja na tasbihi. Kila Jumatano nikimaliza sala ya alfajiri natoka, nafungua vifuniko, napima manne, kisha la akiba kule nyuma, maana hilo tulilikuta limesinyaa na hakuna aliyekuwa na habari nalo. Salma hawashi gari mpaka nimwambie thelathini na mbili.

Jumatano iliyopita nikapanda na mimi, na mjukuu mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ile ile, tope lile lile. Nilisoma kila dua ninayoijua. Tulipokaribia Salma akasema, "Mama, ndipo hapa." Nikafumba macho, nikangoja. Gari likapita. Nilipofumbua tuko mnadani Maramba, mtoto ananivuta sikio na Salma anateremsha marobota. Nilikuwa nimelala, Baba Salma. Mimi, ambaye kwenye boti ya kuja huku sikufumba jicho kwa hofu.

Basi neno la kuuza naomba ulirudishe. Ukiona bado lazima uliseme, njoo kwanza upande, nitakupimia mwenyewe. Upepo wa baiskeli yako usiuguse, huo gumba linaujua.

Nisalimie mama mkwe wangu, dawa yake ya miguu anayo Khamis. Nisalimie wifi yangu, umwambie sufuria yangu kubwa siyo zawadi, nilimwazima. Na yule shoga yangu jirani anayekuletea uji, mwambie nimemuombea. Salma anakupa shikamoo, anasubiri jibu lako kuliko mimi.

Mkeo, mwenye gumba,
Mama Salma