Joto la Shingoni

Jumatatu, 5 Machi 2018. Kiirua.

Typhoid tena! Kliniki ya hapa sokoni wamenipa vidonge vilevile vya Januari. Mimi Thuranira, niliyebeba magunia mawili ya viazi kutoka shambani hadi barabarani, moja kila bega, na bado nikasimama njiani kusalimia watu — leo naishi chooni.

Na lile joto. Linaanzia shingoni, linapanda usoni, kifua kinabana, halafu linaisha. Jana lilinishika kanisani nikisoma matangazo. Mzee Mbaabu sasa anauliza watu kama siku hizi naonja pombe. Sijaonja tangu ubatizo! Nikamwambia daktari wa kliniki kwamba uso wangu ukiwaka unaweza kukausha shati. Akaniangalia, akasema haoni wekundu wowote. Wekundu gani, na mimi ni mweusi kama sufuria ya shule? Akacheka na karani wake. Ndiyo shida ya kusimulia vizuri. Watu wanadhani kila kitu ni hadithi.

Alhamisi, 15 Machi. Embu.

Mke wangu Cicily ameshinda. Kwao Embu kuna daktari wa tumbo, twende, na kama naogopa niseme. Mimi kuogopa! Tumekuja.

Daktari Njuki ni kijana tu. Nimemweleza yote, pamoja na shati. Hakucheka. Akasema tuketi tuongee mambo ya viazi, tungoje. Joto lilipokuja akaweka mgongo wa mkono shingoni mwangu, akauacha hapo. Ngozi nyeusi inaficha, akasema, lakini mkono unasikia.

Anashuku kauvimbe ndani ya utumbo. Si vidonda, si amiba. Kauvimbe kanakotengeneza kemikali zake na kuzimwaga kwenye damu, na hizo ndizo zinaleta joto na kuhara. Kumbe nina kiwanda tumboni! Si kila mtu.

Ili ajue, nikusanye mkojo wa siku nzima, mchana na usiku, kila tone, kwa jerikeni jeusi la lita tano. Ndani wameweka asidi kidogo. Siku tatu kabla, na siku yenyewe: hakuna ndizi, avokado, nanasi, nyanya wala kahawa. Vinadanganya kipimo. Sampuli zinaenda Nairobi Jumatatu ya tarehe 26, kwa hivyo nikusanye Jumamosi. Sawa.

Si sawa. Jumamosi hiyo tunapeleka mahari ya Bundi kule Kanja, na msemaji ni mimi.

Jumapili, 25 Machi. Embu, kwa dada ya Cicily.

Jerikeni liko miguuni mwangu. Hakuna tone lililopotea!

Lakini jana — jana! Tulifika kwa Kathuri, baba ya msichana. Bundi ni mtoto wa dada yangu, na mjomba asiposema, mahari haina mdomo. Akina mama wakapokea zawadi na nyimbo: majerikeni ya uji, majerikeni ya pombe ya muratina na, nikiwa bado nasalimiana na mzee, jerikeni langu. Likaingia stoo na mengine.

Kathuri akasema hakuna maneno kabla ya kuonja. Wakaleta kinywaji, na langu likiwa la kwanza. Ndugu yake, Nthiga, ameshika kibuyu mkono mmoja, na mwingine umeanza kuzungusha kifuniko. Mkojo wangu na asidi ya hospitali! Nikasimama.

"Wazee, hilo halifunguliwi. Linaingia na mjomba, linatoka na mjomba."

Hata sijui maneno yalitoka wapi. Nikawaambia kwa ukoo wetu jerikeni jeusi hutembea na mjomba siku ya mahari, halinywewi, halimwagwi, na mwenye kulifungua ni aliyelibeba peke yake. Nthiga akaliweka chini kama mtoto mchanga. Nyanya wa pale, Wanjugu, akaamuru likae kivulini. Kila nilipolichukua kwenda nyuma ya migomba, wazee walivua kofia.

Joto la kweli hawaamini. Hili la jerikeni waliamini.

Chakula nacho! Ndizi mbivu, mukimo wa ndizi za kuponda. Nikakataa. Wanjugu akauliza kama sufuria zao zinanuka. Nikasema mjomba wa jerikeni hula maharagwe tu. Akaleta maharagwe — yamejaa nyanya. Nikashinda na uji.

Tukiaga, Kathuri akanivuta kando. "Mkwe wangu, hiyo dawa ya ukoo haiwezi kupakwa magotini kidogo?" Nikamwambia magoti yake bado ni ya kijana.

Bundi nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Cicily hakucheka. "Na wangekunywa, Baba Makandi?"



Ijumaa, 4 Mei. Embu.

Jerikeni limesema kweli. Kemikali ziko juu sana. Skani ikaonyesha kauvimbe kwenye utumbo mdogo, na madoa kwenye ini. Wakatoa kinyama kwa sindano, wakapima.

Saratani. Njuki alilisema hilo neno akimwangalia Cicily. Lakini si ile ya mbio, akasema. Hii inatembea, na wako watu wanaoishi nayo miaka mingi. Madoa ya ini hayatatoka yote. Sindano kila mwezi, ya kutuliza kiwanda, kisha wakate ile ya utumbo kabla haijaziba njia.

Nikamwambia nimewahi kumshika nyati pembe kule msituni. Akasema vizuri, anahitaji mtu wa aina hiyo. Cicily akasema alikuwa ng'ombe wa jirani.

Sindano ya kwanza leo. Tako la kulia. Sikukunja uso.

Jumatano, 6 Juni. Wodini.

Kesho asubuhi naingia thieta kupasuliwa! Sindano imefanya kazi — choo naenda kama watu wengine, na wiki nzima joto sijalisikia. Nimewaambia wodi yote. Bundi nimemwagiza alete watu Jumapili wanione nikitembea.

Mchana alikuja Ednah, daktari wa kulaza watu usingizi. Akanifungia dripu ya dawa ya aina ileile ya sindano ya kila mwezi. Akaketi. Akasema uvimbe huu ukiguswa kabla haujatulia unaweza kumwaga kemikali zote mara moja, presha ianguke, na mtu asiamke. Joto likija, hata dogo, nimwambie. Wataongeza dawa, na pengine kuahirisha.

Nikamwambia aandike hakuna joto, na halitakuja. Kiirua nzima inajua ni kesho.

"Mzee, mimi siwezi kuliona," akasema. "Wewe tu ndiye unalisikia."

Jioni. Cicily ameenda kutafuta chai. Jirani wa kitanda, Gitari, anataka nimalizie ile ya nyati. Nimefika kwenye pembe.

Shingoni. Kidogo tu, kama mtu amepuliza. Labda ni blanketi. Gitari ananitazama usoni kabisa na bado anacheka, haoni kitu.

Linapanda. Ednah yuko kitanda cha dirishani, amenipa mgongo, anafunga mkoba aende nyumbani.

Nimeinua mkono, ule wa dripu.