Fungu la Mzee Sifael

Efra Baga, Mawenzi
Moshi, 7 Januari 2019

Dada Gladness,

Shikamoo. Kifua cha baba kinaendeleaje? Na yule ndama, ameacha kuharisha? Sisi huku wazima, ila sikukuu imetuchosha.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu umenizuia kwenye simu. Barua anakuletea Primus, dereva wangu anayepanda Mwika kununua ng'ombe.

Kosa langu nini hasa? Krismasi nimeleta fahali, wapishi, jenereta na mashine ya kusaga nyama. Ukoo mzima umekula baga mpaka wakakataa. Hakuna aliyegombania mfupa, hakuna aliyenuna kwamba fungu la fulani limezidi lake. Wewe ukamshika baba mkono, mkaingia ndani, ukafunga mlango.

Ile picha ya baba na kisu chake mbele ya mashine imetoka vizuri mno. Nimeiweka kwenye bango pale njia panda ya Himo: "Hata Mzee ameweka kisu chini." Watu wanasimamisha magari wapige nalo picha. Mwezi ujao nafungua Babati, tawi la saba. Nani angesema, Dada, tukiwa wewe na mimi tunakaanga kwa lile karai letu nje ya hospitali?

Mdogo wako,
Efraimu


Mwika, 17 Januari 2019

Efraimu,

Marahaba. Ndama amepona. Kifua cha baba ni kile kile.

Umeuliza kosa, nakujibu. Baba amegawa nyama ya ukoo huu tangu babu alipofariki. Kidari cha mkubwa wa nyumba, mguu wa wajomba, mgongo wa dada zake mwenye kuchinja, kichwa cha vijana walioshika kamba. Mtu akipokea fungu lake anajua yeye ni nani hapa. Hao walionuna walinuna kwa sababu walikuwa na haki ya kununa. Wewe umesaga kidari, mguu na mgongo pamoja, ukampa baba yako na dereva wako kitu kimoja kwenye karatasi ya aina moja.

Na baba hakuweka kisu chini. Alikaa nacho mapajani tangu asubuhi akisubiri aitwe kugawa. Hakuitwa. Mpiga picha wako ndiye aliyemwambia asimame.

Baba Mdogo Kornel ameliona bango. Baba akaniuliza kama ni kweli, sikumdanganya. Tangu siku hiyo haendi kanisani, anasema watu watamuuliza kisu kiko wapi.

Lishushe. Kisha njoo umpe baba fungu lake mbele ya ukoo. Hayo mawili tu.

Dada yako,
Gladness


Moshi, 28 Machi 2019

Dada,

Shikamoo. Natumaini mvua imewafikia. Huku joto tu.

Mkataba wa bango unaisha Juni, kabla ya hapo siwezi kuligusa. Na hayo ya fungu, Dada, dunia imekwenda. Watoto wanaorudi kutoka Dar hawajui kidari wala mgongo, wanajua baga. Wao ndio wanaonilisha. Desemba moja, watu wakipanda nyumbani, inabeba mwaka mzima. Isingekuwa Desemba ningekuwa na matawi mawili.

Mwambie baba nitapanda Pasaka. Primus ana katoni ya mikate laini, haitamsumbua meno.

Mdogo wako,
Efraimu


Mwika, 2 Septemba 2019

Efraimu,

Wazima kwako? Hapa wazima ni mimi na ng'ombe.

Sijakuandikia tangu tumzike baba. Pasaka hukuja. Mazishini ulikuja na gari lenye picha ya baga ubavuni, ukaliegesha juu ya masale yaliyopandwa mpakani mwa shamba la kihamba, mpaka leo majani yake hayajainuka. Bango likashuka mkataba ulipokwisha, yeye akiwa ameshalala chini ya migomba. Amekufa bila kupewa fungu lake.

Uliniambia Desemba ndiyo inayokulisha. Asante kwa kunionyesha. Hiyo ndiyo nitakayoichukua.

Siendi kwa mganga na sichomi duka la mtu. Nitasema neno moja: anayekula baga ya Efraimu anakula fungu la Mzee Sifael. Nimeshalisema kwenye harusi moja, kwenye misiba, na kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Kuna mtu amelipeleka kwa wenzake wa Dar. Kaa usubiri.

Dada yako,
Gladness


Moshi, 11 Januari 2020

Dada,

Shikamoo. Sikuulizi habari za sikukuu, wewe ndiye unayezijua.

Nilisimama mwenyewe Himo mkesha wa Krismasi. Gari limejaa vijana, mmoja anashuka, anakuja mlangoni. Wenzake dirishani: "Wee! Unakula fungu la mzee? Atakufuata mpaka Kimara huyo! Atakugongea dirisha aulize kidari chake!" Kijana anacheka, anageuka, wote wanavuka barabara kwenda kula chipsi mayai. Hivyo mchana kutwa. Hawaamini lolote, Dada. Hakuna tu anayetaka kuchekwa na wenzake.

Himo nimefunga. Marangu nimefunga. Loveness, meneja wa Himo, ana watoto watatu. Yeye alimkosea nini baba? Nilikwenda kwa wakili nikushtaki. Akaniambia nimsomee hayo maneno. Nikamsomea. Akacheka na yeye.

Inatosha. Umeniumiza. Acha sasa.

Mdogo wako,
Efraimu


Mwika, 30 Oktoba 2021

Efraimu,

Salamu kutoka nyumbani. Kahawa mwaka huu imezaa kidogo, ndizi zipo.

Nasikia Same, Arusha na Babati umefunga, na unawaambia watu ni corona, watalii wamekatika na wapagazi wa mlimani hawana cha kununulia. Sawa, corona ichukue hizo. Himo na Marangu ni kazi yangu, sitaki mtu aninyang'anye. Loveness usimlilie. Yuko kwangu, anakamua na kuuza maziwa, na mwanangu wa pili amemtafutia shule ya watoto.

Naweza kuacha. Njia unaijua tangu utoto. Kata jani la isale, lifunge fundo, uje nalo mwenyewe kuomba msamaha, ukiongozana na Baba Mdogo Kornel. Uchinje, ugawe kwa mkono wako, na fungu la baba ulitaje kwa jina lake. Nami nitatangaza pale pale kwamba fungu limerudi. Hao hao wanaokucheka watajaa kwako mpaka mikate iishe.

Dada yako,
Gladness


Moshi, 9 Desemba 2021

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na nimekubali.

Ila kupanda mwenyewe wiki hii siwezi. Kuna watu kutoka Arusha wanataka kulinunua jina la Efra Baga, na nikiondoka mjini watajua nimekwama. Nimempa Primus isale. Fundo nimelifunga mwenyewe kama baba alivyotufundisha. Lipokee, kuchinja na kugawa tutafanya Pasaka. Lakini watangazie watu kabla ya Krismasi, nakuomba. Nimebaki na Mawenzi na stendi.

Mdogo wako,
Efraimu


Mwika, 13 Desemba 2021

Efraimu,

Marahaba. Nakurudishia isale lako ndani ya bahasha lililokuja nayo, ile yenye picha ya baga.

Primus alinikuta na akina mama wa kwaya. Nikawaonyesha. Beatrice akauliza kama linakuja na chipsi. Tulicheka mpaka Primus akakataa chai.

Baba alisubiri aitwe na mwanawe, akaitwa na mpiga picha. Mimi nakusubiri wewe, unaniletea dereva wa ng'ombe. Krismasi njema.

Dada yako,
Gladness


Chekereni, 4 Machi 2023

Gladness,

Stendi nilifunga mwaka jana. Mawenzi nimefunga wiki hii. Wale wa Arusha waliisikia habari ya bahasha kabla hata Primus hajafika mjini. Walisema hawanunui jina linalochekwa. Sasa nalima mpunga kwa baba mkwe. Maji ya mfereji tunayapata kwa zamu.

Baba Mdogo Kornel alinifuata huku. Amenikumbusha jambo ambalo wote wawili tulilisahau. Isale halirudishwi. Likiletwa na mlevi, likiletwa na adui, linapokelewa kwanza, ugomvi unafuata baadaye. Anasema hajawahi kusikia mtu wa ukoo wetu aliyelirudisha, seuze kulicheka mbele ya kwaya. Nilikosea kumtuma Primus. Wewe umekosea kunizidi, na mashahidi unao.

Kwa hiyo mimi niliomba, nawe ulikataa. Nimetoka kwenye deni.

Sasa nisikilize. Mtoto wa kiume wa nyumba ile ni mimi peke yangu. Bila mkono wangu hakuna mnyama anayechinjwa kwa jina la Mzee Sifael, na mgongo wako wewe unatoka kwangu, siyo kwa mwingine. Ulifundisha nchi nzima kukataa chakula changu. Na mimi nakunyima. Sitachinja mwaka huu wala mwakani, na watoto wangu wote ni mabinti. Nimemwambia hivyo Baba Mdogo, asitushikie nafasi tena.

Efraimu


Mwika, 27 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Mpunga umekubali? Na wanao, wamekua? Mimi goti linasumbua kidogo, mengine sawa. Barua anayo Loveness, anashuka huko kununua pumba za ng'ombe.

Krismasi ilifanyika kwa Baba Mdogo Kornel. Alichinja mbuzi wawili akagawa bila haraka. Miaka iliyopita alikuwa akitutengea sisi pembeni, akisema nyumba ya kaka yake inasubiri. Safari hii hakusema. Aliwapa wajomba mguu. Alipofika mgongoni akawaita shangazi zetu. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mikono, nikairudisha. Nikaitwa mwisho kabisa, baada ya mwalimu anayepanga kwa jirani, nikapewa mbavu mbili. Ni fungu la wageni. Alinipa kwa heshima, akanishukuru kwa kufika. Nyumba ya Mzee Sifael haikutajwa, maana hakuna aliyeleta mnyama kwa jina lake. Beatrice aliangalia chini.

Kabla ya hapo nilishuka Mawenzi. Pale kwako sasa wanauza makava ya simu. Nilimkuta fundi akikwangua jina lako ukutani, nikasimama mpaka akamaliza. Nilifurahi. Sitaki udhani kwamba sikufurahi.

Ulichoniahidi umekitimiza, kama mimi nilivyotimiza changu. Aliyebaki bila fungu ni baba, na sasa hana hata mtu wa kumgawia.

Zile mbavu nilizichoma nikazila zote. Sikuombi uje. Loveness nimemwambia asisubiri jibu.

Dada yako,
Gladness