Mabakuli Matatu ya Bibi Hosiyat

Jumatatu, 7 Aprili

Hili ni daftari la pili. La kwanza ni la daktari – kabinti kadogo, miwani mikubwa kuliko uso – kaniambia niandike kila ninachokula. Huko nimeandika: tango, chai, kipande cha mkate. Humu naandika ukweli. Leo pilau sahani mbili, na mafuta ya mkia wa kondoo juu. Basi.

Kanipaka majimaji ya baridi tumboni, kapitisha hicho kidude cha altrasaundi. Halafu: baba, ini lako limejaa mafuta.

Mimi! Nishonboy! Fundi wa pilau za harusi mji mzima wa Margilon, watu elfu moja sufuria moja, na hakuna aliyewahi kuacha punje! Pombe sijaonja hata siku waliyonimwagia shatini. Na mwembamba – mke wangu Salomat anasema nikisimama nyuma ya mwiko sionekani. Daktari anasema wembamba si hoja, hata wembamba linawapata. Nikamwambia, binti yangu, mashine yako imekosea, imeona ini la kondoo.

Hakucheka.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda Rishton kwa tabibu, Bibi Hosiyat. Habari ya mafuta sikumwambia. Fundi wa pilau ini limenona? Watanicheka mpaka Kokand! Nimesema nataka kusafisha damu tu. Kanipa mfuko wa mizizi. Chemsha, bakuli moja asubuhi, moja mchana, moja jioni. Siku kumi, kisha pumzika. Akanimiminia kidogo bakulini, akanionjesha pale pale. Uchungu gani ule! Machozi yalinitoka, nikasema ni vumbi.

Nyumbani Salomat kachemsha, kanimiminia kiduchu pale kitakoni mwa bakuli.

– Mama, mimi mgeni humu ndani? Jaza!

– Hii dawa, mzee, siyo supu.

– Aliyelisha watu elfu hapimiwi kwa kijiko. Jaza!

Kajaza mpaka juu. Nimeshusha lote bila kupumua. Kijana gani wa siku hizi anaweza?

Jumapili, 13 Aprili

Leo zamu yangu kuwakaribisha wenzangu wa chai. Egamberdi kaja wa kwanza, yaani tumbo lake limekuja, yeye akafuata. Miaka thelathini dereva wa lori, hajui kutembea. Nikamvuta pembeni, nikamwambia habari ya ini. Akanitumbulia macho. Kumbe na yeye! Daktari yule yule, maneno yale yale! Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Nimemgawia nusu ya mizizi.

– Nishon, umewahi kunipa kitu kisicho na mafuta wewe?

– Ndicho hiki, cha kwanza. Shika kabla sijabadili mawazo.

– Napima vipi?

– Bakuli pomoni, mara tatu. Mimi nakunywa nne. Ukinywa kwa woga utapona kwa woga.

Akasema basi na yeye nne, hawezi kushindwa na mpishi.

Ijumaa, 18 Aprili

Mkojo mweusi kama chai iliyolala! Uchafu huo unatoka! Nimempigia Egamberdi – na wake hivyo hivyo! Tumepongezana kama waliopata mapacha. Kaniuliza, niendelee? Nikamwambia sasa ndiyo uongeze moto.

Ngozi inawasha. Pilau ya jirani leo imenichefua. Pilau! Mimi! Salomat kasimama mlangoni na kitambaa mkononi, ananitazama tu. Nikamwambia ini linaoga, litamaliza.

Dawa imebaki ukoko. Salomat hataki kuchemsha tena, basi naacha. Haya.

Jumatatu, 21 Aprili

Egamberdi yuko hospitali ya mkoa. Macho ya njano. Kama zile karoti zetu za njano za pilau! Mwanawe Ulmas kanipigia simu. Ami, baba haongei sawasawa, anamwita bibi, mama yake, na bibi alikufa mimi sijazaliwa.



Jumanne, 22 Aprili

Nimemwona. Yule si Egamberdi. Mtu kapakwa manjano, kalazwa kwenye shuka la Egamberdi.

Daktari wa hapa, mwanamume mrefu, kaja kuuliza mbele yetu sote, mke wa Egamberdi, Ulmas, mimi. Alikunywa nini? Kiasi gani? Kwa siku ngapi? Tuambieni, tunatibu gizani. Akili ya Egamberdi ikamrudia kidogo. Kasema kwa shida, mizizi, nilinunua sokoni, kwa mwanamke, simjui. Halafu kanitazama. Akanikonyeza!

Ananificha! Anakufa na ananificha!

Na mimi nikanyamaza. Mimi, nisiyenyamaza hata mazikoni.

Daktari anamweleza Ulmas: kila unachomeza kinapita kwenye ini. Ini linakivunjavunja, linakitoa. Lenye mafuta huenda likafanya kazi hiyo pole pole. Ya asubuhi haijaisha, ya mchana imefika, ya jioni iko mlangoni, mpaka dawa yenyewe inageuka sumu. Wote wakatikisa vichwa. Nilielewa mimi kuliko wote. Harusini waosha sahani wakizidiwa, chafu zinapanda mpaka dirishani na wageni bado wanaingia. Nimeona karamu ikivunjika hivyo. Mtu kuvunjika hivyo – sikujua.

Jumatano, 23 Aprili

Jioni Rishton. Nimekwenda kugombana, nasema wazi. Nimeingia na kelele: mama, mizizi yako imemlaza rafiki yangu!

Bibi Hosiyat hakuinuka. Kaniuliza mlikunywaje. Bakuli, nikasema, kama ulivyosema. Nikamwonyesha kwa kidole: mpaka hapa.

Uso ukamwisha damu.

– Mpaka juu? Wewe Mmargilon gani? Mimi nilikumiminia mpaka juu lini? Nilikuwa nakufukuza nyumbani kwangu?

Nikakaa chini. Ni kweli. Nani humjazia mtu bakuli, kama hataki anywe aondoke? Mgeni wa heshima unammiminia kidogo, unamwongeza, unammiminia tena. Yeye bakuli lake ni lile la mgeni, la kidogo. Maisha yake yote dawa anapima kwa lile. Na mimi nimemiminia watu chai miaka sabini!

Nikahesabu vidole mbele yake. Bakuli lake linaingia mara tatu ndani ya langu. Na tulikunywa manne! Kumi na mawili kwa siku, badala ya matatu.

Halafu kauliza, huyo rafiki yako alikuwa mzima? Nikasema ini lina mafuta. Na langu.

Kashika kichwa. Ungeniambia, kasema, nisingekupa hata hicho kidogo.

Kanifungia mizizi kwenye karatasi nimpelekee daktari.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia daktari. Yote. Jina la tabibu, mabakuli, manne, siku zote, mkojo, kwamba mimi ndiye niliyesema aongeze. Sijaongeza chumvi hata kidogo. Mara ya kwanza maishani! Kachukua mizizi, kaandika haraka, kamtuma muuguzi mbio. Nikauliza, atapona? Kasema laiti ungesema juzi.

Halafu kanivuta kope ya chini. Katazama jicho hili, katazama lile. Wametoa damu mkononi, chupa tatu. Kaniamuru nikae kwenye benchi hili, nisiende nyumbani. Nimemwomba mfagiaji kalamu.

Mlango wa Egamberdi umefungwa. Wanaingia wakikimbia, wanatoka wakikimbia. Mkewe yuko kule dirishani, kajifunika uso.

Ulmas kaja. Mkono kifuani, kainama kwa adabu kama siku zote. Ami Nishon, nimezunguka soko zima tangu jana namtafuta yule mwanamke. Hakuna anayemjua. Wewe wauzaji wote unawajua, nisaidie kumpata. Nikimpata mimi!

Nimesogea kwenye benchi. Nimemwambia kaa, mwanangu, usimtafute tena.

Amekaa. Anangoja niache kuandika.