Kisu Kiunoni, Foleni ya Pamba

Mwangaluka, mjukuu wangu Kulwa. Bibi yako anakusalimu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Unauliza kwa nini polisi wa Dar walikukamata kwa kisu ambacho hata hukukichomoa. Enzi za Ujamaa nilitoka kuchuna ng'ombe wa harusi, nikapitiliza kuuza pamba Kasoli, kisu kiunoni. Kwenye foleni nikabishana na jirani yangu Masanja. Ghafla akanipisha. Nikadhani nimemshinda kwa maneno.

Mgambo akaja. "Kisu cha nini?"

"Cha kuchunia ng'ombe."

"Ng'ombe yuko wapi?"

Nikamgeukia Masanja anitetee. Macho yake yalikuwa bado kiunoni mwangu. Tulilima naye shamba moja la kijiji, na alikuwa ananiogopa.

Babu yako